Trei ya Kuyeyushia Nyama Ndani ya Jokofu: Tathmini Baada ya Miezi Mitano ya Matumizi

Kwa miezi mitano nimekuwa nikitumia trei maalumu ya kuyeyushia vyakula vilivyogandishwa, na kwa kuwa nilipokuwa nikiitafuta sikupata maelezo ya mtu aliyeitumia kwa muda wa kutosha hata akazijua tabia zake, nimeona niyaandike yale niliyoyaona. Trei yenyewe ina sehemu nne. Ya kwanza ni beseni la chuma kisichoshika kutu, ambalo kwa vipimo vya ndani lina urefu wa sentimita 34, upana wa sentimita 24 na kina cha sentimita 12. Ya pili ni wavu wa chuma hichohicho, unaokaa sentimita 2 juu ya sakafu ya beseni. Ya tatu ni mfuniko wa plastiki ngumu inayoonyesha kilichomo ndani, na ya nne ni ukanda wa silikoni unaozunguka ukingo wa mfuniko ili usilegee. Kazi yake ni moja tu: kukaa ndani ya jokofu ikiwa imebeba nyama, kuku au samaki aliyetolewa kwenye friza, na kuhakikisha kwamba majimaji yanayotoka wakati barafu inayeyuka hayagusi kitu kingine chochote.

Niliinunua kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiyeyusha nyama ikiwa ndani ya mfuko wake, nimeuweka juu ya sahani bapa kwenye rafu ya katikati, nikiamini kwamba mfuko ule ulitosha. Siku moja mfuko ulikuwa na kijitundu kidogo ambacho macho yangu hayakukiona. Usiku kucha majimaji yalijaa kwenye sahani, yakapita ukingoni, yakatambaa juu ya kioo cha rafu hadi ukuta wa nyuma, na mengine yakadondokea kwenye droo ya mboga iliyokuwa chini. Mboga zote zilizokuwamo, ambazo nilikusudia kuzila zikiwa mbichi, zilitupwa. Rafu niliisugua siku ileile, lakini harufu iliendelea kwa zaidi ya wiki mbili, hadi nilipogundua kwamba majimaji yalikuwa yameingia kwenye mtaro mdogo ulio chini ya ukuta wa nyuma, pale ambapo maji ya ukungu hukusanyika na kutokea kwenye kitundu kuelekea chombo kilicho nyuma ya jokofu. Mahali pale hapafikiwi kwa kitambaa. Nililazimika kutumia bomba la sindano lisilo na sindano, maji moto yenye sabuni na subira nyingi. Kwa hiyo ninaipima trei hii kwa swali moja kuliko mengine yote: je, majimaji yanakwenda wapi, na kuyaondoa ni rahisi kiasi gani?

Inafaa kueleza kidogo majimaji hayo ni nini, kwa maana wengi huyaita damu na kuyaona kama uchafu wa macho tu. Damu karibu yote hutoka mnyama anapochinjwa. Kinachochuruzika wakati wa kuyeyusha ni maji ya ndani ya nyama yenyewe, yakiwa na protini, chumvichumvi na ile protini nyekundu ya misuli inayoitwa mayoglobini. Takriban robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji. Maji hayo yanapoganda hugeuka kuwa fuwele za barafu zinazopasua na kubana seli za nyama, na kadiri mgando ulivyokwenda polepole ndivyo fuwele zinavyokuwa kubwa na uharibifu unavyozidi. Barafu inapoyeyuka, seli zilizoharibika haziwezi tena kuyashika maji yote. Ndiyo maana nyama iliyogandishwa polepole kwenye friza ya nyumbani iliyojaa huchuruzika zaidi kuliko ile iliyogandishwa haraka kiwandani. Maji yenye protini ni chakula kizuri kwa bakteria, na chochote kilichokuwa juu ya nyama mbichi, iwe ni Salmonella, Campylobacter au aina hatari za E. coli, husafiri pamoja nayo.

Wapo wanaodhani kwamba friza imekwisha kuwaua bakteria hao. Baridi ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, ambayo ndiyo inayopendekezwa kwa friza, huwazuia kuzaliana, lakini wengi wao hubaki hai na huamka barafu inapoondoka. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya kanuni tano za usalama wa chakula, huonya kwamba bakteria huzaliana kwa haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Hapo ndipo linapotoka katazo la kuyeyusha nyama juu ya meza ya jikoni: tabaka la nje hufikia joto la chumba na kukaa humo kwa saa nyingi huku kiini kikiwa bado ni jiwe. Ndani ya jokofu lenye nyuzi 4 au chini yake, tabaka la nje halifiki huko. Hata hivyo jokofu si kinga ya kila kitu. Listeria monocytogenes huweza kuzaliana hata kwenye baridi inayokaribia sifuri, na maambukizi yake ni ya hatari hasa kwa wajawazito, watoto wachanga, wazee na watu ambao kinga ya miili yao imedhoofika. Nyama itakayopikwa vizuri haina tatizo kubwa, kwa kuwa moto utafanya kazi yake. Hatari ni yale majimaji kuangukia jibini, tunda lililokatwa, saladi au mabaki ya chakula cha jana, yaani vitu ambavyo havitaona moto tena kabla ya kufika mdomoni.

Sasa nirudi kwenye trei. Nilipoileta nyumbani niliijaribu kwanza kwa maji matupu. Kwa hesabu ya vipimo vyake, nafasi iliyo chini ya wavu inachukua takriban lita 1.6, na nilipomimina lita moja na nusu maji hayakugusa wavu. Hii ni zaidi sana ya mahitaji ya kawaida. Kuku mzima wa kilo 1.8 niliyemyeyusha wiki ya kwanza alitoa majimaji ya kujaza chini ya nusu ya kikombe kidogo, nami niliyapima kwa makusudi, yakafika mililita 90. Kipande cha nyama cha kilo 2 chenye mfupa kilitoa pungufu ya hapo. Samaki ndiye aliyenishangaza, kwani vipande vyembamba vya gramu 700 vilitoa majimaji karibu sawa na ya kuku yule. Katika hali zote hizo, wavu ulikiinua chakula kikakaa pakavu. Jambo hili lina maana mbili. Nyama isiyolowa kwenye majimaji yake haiteleziteleza mkononi na hubadilika rangi vizuri zaidi inapowekwa kwenye kikaango chenye moto, na pia hakuna sababu ya kuiosha chini ya bomba. Kuosha kuku mbichi ni desturi ngumu kuiacha, lakini maji ya bomba hurusha matone kwenye sinki, meza na vyombo vilivyo karibu, na hayawaondoi bakteria kama watu wanavyotarajia.

Jaribio lililoonyesha ubora wa kweli lilikuwa la kubeba. Trei iliyojaa maji robo, nikaitoa kwenye rafu ya chini, nikaipeleka hadi kwenye sinki, nikaiinamisha kidogo kama mtu aliyejikwaa. Hakuna tone lililotoka, kwa kuwa kuta za sentimita 12 ni ndefu na ukanda wa silikoni unabana. Sahani bapa haiwezi kufanya hivyo. Ajali nyingi za majimaji, kwa uzoefu wangu, hutokea katika zile hatua chache kati ya jokofu na sinki, wala si wakati chakula kimetulia juu ya rafu.

Kuhusu kasi, maandishi ya kwenye boksi yanaahidi kwamba chuma "huharakisha kuyeyuka". Sioni kwamba ahadi hiyo ina uzito ndani ya jokofu. Nilichukua vipande viwili vya nyama vilivyolingana kwa uzito na unene, kimoja nikakiweka ndani ya trei na kingine ndani ya bakuli la kioo lililofunikwa, vyote kwenye rafu moja, na baada ya saa 20 sikuweza kuvitofautisha kwa kidole wala kwa kipimajoto. Sababu si ngumu kuielewa. Chuma husaidia kupeleka joto pale ambapo joto lipo la kupelekwa, ilhali ndani ya jokofu chanzo pekee cha joto ni hewa yenye nyuzi 3 au 4, na hewa hiyo hutoa joto kwa uchache mno. Tena kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi 0 huhitaji joto karibu sawa na lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Na jambo lingine ambalo watu hawalifikirii ni kwamba barafu hupitisha joto karibu mara nne kuliko maji yaliyotulia, kwa hiyo tabaka la nje likishayeyuka huwa kama blanketi linalokikinga kiini. Ndiyo maana kuyeyusha huchukua muda mrefu kuliko kugandisha, na hakuna trei itakayobadilisha hilo pasipo kuongeza joto, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia.

Basi mwenye trei hii apange siku zake. Vipande vidogo na nyama ya kusaga ya nusu kilo huhitaji siku nzima. Ndege mkubwa mzima huhesabiwa saa 24 kwa kila kilo 2 au zaidi kidogo. Kuku wangu wa kilo 1.8 alichukua saa 30 hadi tumbo lake la ndani likawa halina barafu, kwa kuwa jokofu langu hukaa kwenye nyuzi 3. Faida ya utaratibu huu wa polepole ni kwamba baada ya kuyeyuka bado una nafasi: kuku, samaki na nyama ya kusaga huweza kukaa siku moja au mbili zaidi katika jokofu, na vipande vya nyama nyekundu siku tatu hadi tano. Mipango ikibadilika, nyama iliyoyeyukia ndani ya jokofu inaweza kurudishwa kwenye friza bila kupikwa, ingawa itapoteza ladha na maji kidogo. Aliye na haraka atumie maji baridi ya bomba, nyama ikiwa ndani ya mfuko usiovuja, akibadilisha maji kila baada ya dakika 30 na kuipika mara tu inapoyeyuka, au atumie maikrowevu kwa sharti hilohilo la kupika papo hapo. Njia hizo mbili hazihitaji trei hii.

Mfuniko una mazuri na mabaya yake. Unazuia harufu ya samaki isiingie kwenye maziwa na siagi, na unaweka kizuizi cha pili endapo mtoto au mtu mwenye haraka atasukuma kitu juu yake. Kwa kuwa unaonyesha kilichomo, nilitarajia ningeweza kuona hali ya nyama bila kuufungua, lakini kwa saa nyingi za mwanzo upande wa ndani hujaa ukungu, na matone hayo mara nyingine hurudi kudondokea nyama. Mfuniko wenyewe una vitundu viwili vyenye vizibo. Nimejifunza kuacha kimoja wazi, na ukungu hupungua kwa kiasi kikubwa bila harufu kuwa kero. Samaki aliyefungwa kwenye mfuko uliotolewa hewa anahitaji uangalifu wa pekee ambao kijitabu cha trei hii hakiutaji hata kwa mstari mmoja: mfuko huo ufunguliwe au utobolewe kabla ya kuanza kuyeyusha, kwa sababu kuna aina za bakteria wa botulismi zinazoweza kukua na kutoa sumu mahali pasipo na oksijeni hata katika baridi ya jokofu. Trei yenye wavu na mfuniko ni mahali pazuri mno pa kumweka samaki huyo akiwa amefunguliwa, na watengenezaji wangefanya wema mkubwa kulisema jambo hilo.

Nimefika kwenye kuosha, na hapa ndipo sifa zangu zinapopungua. Beseni lenyewe ni rahisi. Pembe zake za ndani ni za mviringo, sifongo hupita pote, na chuma hakina mikwaruzo ya kuhifadhi uchafu kama ilivyo kwa plastiki iliyozeeka. Lakini ukingo wa juu umekunjwa kuelekea nje, na mkunjo huo haukufungwa kabisa. Unapomimina majimaji, kiasi kidogo huingia chini ya mkunjo, na unapoiinamisha trei siku ya pili, maji yenye rangi ya kahawia hafifu hutoka. Nililigundua hilo wiki ya tatu na lilinisikitisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuirudisha trei kabatini nikidhani ni safi. Tangu hapo huilaza ndani ya maji moto yenye sabuni ikiwa imegeuzwa kifudifudi kwa dakika kumi, halafu huukausha mkunjo kwa kuisimamisha kwenye pembe moja baada ya nyingine. Wavu nao una viungio vilivyochomelewa pale nyaya zinapokutana, na kila kiungio kina pembe ndogo inayoshika nyuzinyuzi za nyama. Brashi ndogo yenye nywele ngumu, iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee, ndiyo inayofaa. Sifongo hupita juu tu.

Ukanda wa silikoni ndio udhaifu mkubwa kuliko yote. Umepachikwa kwenye mfereji mwembamba wa mfuniko, na majimaji yanayorukia juu wakati wa kubeba huingia nyuma yake. Kijitabu kinasema mfuniko "ufutwe kwa kitambaa kilicholowa". Hayo ni maelekezo ya hatari. Niliung'oa ukanda huo kwa ncha butu ya kijiko baada ya mwezi mmoja wa kufuata kijitabu, nikakuta utando wenye utelezi umeenea kwenye mfereji wote. Utando wa namna hiyo ni makazi ya bakteria yanayowakinga hata dhidi ya dawa. Tangu siku hiyo ukanda hutolewa kila baada ya matumizi, huoshwa peke yake, mfereji husuguliwa kwa brashi, na havirudishwi pamoja hadi vyote viwili vikauke. Kazi hiyo huchukua dakika tatu. Asiyekuwa tayari kuifanya kila mara asinunue trei yenye ukanda wa aina hii, kwa maana atakuwa anakilaza chakula chake chini ya uchafu asiouona.

Kuhusu dawa, nimeona watu wakimimina klorini nyingi juu ya majimaji ya nyama na kuamini wamesafisha. Klorini hupoteza nguvu inapokutana na protini na mafuta, kwa hiyo sabuni na maji moto hutangulia, kisha maji ya kusuuza, na dawa ndiyo ya mwisho. Kipimo kinachotosha ni kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya kawaida ya klorini ya nyumbani, isiyo na manukato, ndani ya takriban lita 4 za maji, kiachwe juu ya chombo kwa dakika chache, kisha chombo kisuuzwe na kuachwa kikauke kwa hewa. Isichanganywe kamwe na siki wala dawa yenye amonia, kwani gesi zinazotokea ni za sumu. Chuma cha trei hii hakipendi klorini ya kukaa usiku kucha. Nimeona vidoti vidogo vya kutu karibu na kiungio kimoja cha wavu baada ya kuusahau ndani ya dawa, na kosa hilo ni langu, ingawa bidhaa inayouzwa kwa jina la chuma kisichoshika kutu ingepaswa kustahimili zaidi kidogo.

Boksi lina pia kibandiko kisemacho kwamba uso wa trei "huzuia bakteria". Ningeomba kila mnunuzi akipite kibandiko hicho bila kukipa uzito. Hata kama uso umetibiwa kwa kitu fulani, majimaji yaliyolala juu yake kwa saa 24 ni tabaka nene lisilogusana na uso huo isipokuwa chini kabisa, na wavu wala mfuniko haukudaiwa kuwa na sifa hiyo. Maneno kama hayo yana madhara, kwa kuwa humfanya mtu apunguze kuosha.

Trei nzuri vilevile hailifanyi jokofu chafu kuwa safi. Mimi huiweka kwenye rafu ya chini kabisa, na kilichokuwa kwenye droo ya mboga iliyo chini yake nimekifunga ndani ya vyombo vyenye vifuniko, kwa sababu hata chombo kisichovuja hutolewa na mkono wa binadamu. Rafu yenyewe huifuta kila nyama inapotoka, iwe nimeona tone au sijaona. Rafu ya kioo ikitolewa kwa ajili ya kuoshwa vizuri, iachwe kwanza ipoteze baridi, kwani kioo baridi kikikutana ghafla na maji moto huweza kupasuka. Mpira wa mlango una mikunjo inayokusanya makombo na ukungu mweusi, na ule mtaro wa nyuma niliousimulia unastahili kukaguliwa hata pasipo ajali. Kubwa kuliko yote ni mshikio wa mlango. Mtu hutoa nyama, huigusa kuona kama imelainika, hufunga mlango kwa mkono uleule, kisha huenda kunawa. Mkono umetakata, mshikio umebaki na kila kitu. Nilipoanza kujichunguza nilijikuta nikifanya hivyo mara tatu kwa siku moja, na sasa huinua mfuniko kwa mkono mmoja na kuugusa mlango kwa mwingine, halafu mshikio hufutwa pamoja na rafu.

Kipimajoto pia ni cha lazima, na bei yake ni ndogo kuliko ya trei. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha jokofu hazisemi joto halisi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya jokofu, kilale humo usiku mzima, usome asubuhi. La kwangu, kabla sijalirekebisha likafika nyuzi 3 za sasa, nilidhani liko kwenye nyuzi 4, kumbe lilikuwa kwenye nyuzi 7, na nyama yangu yote ya miaka iliyopita iliyeyukia humo. Kifurushi kikubwa kilichoganda hulisaidia jokofu kidogo, kwa kuwa huivuta joto hewa inayokizunguka, lakini trei yenye upana huu ikisukumwa hadi ukuta wa nyuma huziba njia ya hewa, na vitu vya rafu za juu hupata joto. Iachiwe nafasi ya vidole vitatu kila upande. Kwa jokofu dogo hilo haliwezekani, na hapo trei hii ni kubwa mno.

Je, bakuli la kawaida lisingetosha? Kwa uaminifu, lingetosha kwa sehemu kubwa. Bakuli refu la kioo lenye mfuniko, na ndani yake wavu mdogo wa kupozea keki, hukusanya majimaji vizuri vilevile na huoshwa kwa urahisi zaidi kwa kuwa halina mkunjo wala ukanda. Linachokosa ni umbo la pembe nne linalotumia rafu vizuri, uimara wa kubebwa na uwezo wa kumpokea kuku mzima bila kumkunja. Kwa nyumba inayoyeyusha vipande vidogo mara moja kwa wiki, bakuli hilo ndilo ningelipendekeza. Kwa nyumba kama yangu, ambamo kuna mtu mzee na kila wiki kuna kitu kikubwa kinachotoka kwenye friza mara mbili au tatu, trei imelifanya jokofu letu kuwa mahali salama kuliko lilivyokuwa kwa miaka mingi. Tangu niianze sijaona tone moja juu ya rafu, na harufu ile haijarudi.

Ningeipa alama 7 kati ya 10. Mbili zimeondolewa na ukanda wa silikoni na kijitabu kisichosema unatolewa vipi, na moja na ule mkunjo wa ukingo. Niliwaandikia waliotengeneza nikiuliza kama wanauza ukanda wa akiba, nikajibiwa kwamba hauuzwi peke yake na kwamba ninunue trei nyingine. Kwa sasa ukanda wangu una doa jeusi lenye upana wa punje ya mchele ambalo halitoki kwa brashi wala kwa dawa. Nimeujaribu mfuniko bila ukanda huo: unakaa, haubani, na trei haiwezi tena kuinamishwa. Wiki ijayo nitautupa ukanda na kuendelea hivyo, nikiibeba trei kwa mikono miwili.